Mbwa Waliofichwa Kwenye Tela

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Tamsin aliosha sakafu za vizimba kwa mpira wa maji, akajaza bakuli, kisha akamfungulia Biskuti. Biskuti alikuwa mbwa wa mbio aliyestaafu, mwembamba, mwenye miguu mirefu, na ndiye rafiki pekee wa Tamsin katika jiji zima la Melbourne. Shuleni wenzake waliziba pua alipopita.

"Jamani, banda la mbwa hilo linapita!" Keira wa darasani kwake alipenda kusema, na wote wakaangua kicheko. Tamsin alijifanya hasikii, lakini maneno yalimchoma.

Nyumbani nako alikuwa peke yake. Mama yake, Bi Glenys, aliendesha kituo cha kuhifadhi mbwa waliotupwa, pembezoni mwa jiji. Hakujua kukataa. Mtu akileta mbwa mmoja alipokewa. Akileta watatu, walipokewa wote. Bi Glenys alikula amesimama, simu sikioni, na Tamsin akimwita alijibiwa, "Ngoja kidogo, mwanangu." Hiyo kidogo haikuisha.

Kibali cha halmashauri kiliruhusu mbwa thelathini tu. Kituo kilikuwa na wengi zaidi, na kila mtu pale alijua. Siku za ukaguzi, watu wa kujitolea waliwapakia mbwa wa ziada kwenye magari yao na kwenda kuwatembeza ufukweni hadi mkaguzi aondoke. Waliiita siku hiyo "pikiniki". Tamsin aliipenda, maana ndiyo siku pekee nyumba yao ilijaa watu na vicheko.

Jumamosi moja ya Februari upepo wa kaskazini ulivuma, mkavu na wa moto. Kwa joto lile hakuna mtu wa kujitolea aliyefika. Ghafla Bi Glenys alitoka ofisini mbio.

"Tam! Nimedokezwa mtu wa halmashauri yuko njiani, ameamua kuja bila taarifa! Watie wa ziada kwenye tela la kubebea farasi, upesi!"

"Na Biskuti, Mama?"

"Naye hayumo kwenye hesabu. Mtie!"

Waliwasukuma ndani, Bi Glenys akafunga kufuli na kutia ufunguo mfukoni. Tela liliachwa nyuma ya ghala, juani.

Mkaguzi, Bwana Dinh, alikuwa mtu wa makamo asiye na haraka. Alikagua kivuli, mifereji na bakuli za maji, kizimba baada ya kizimba. Bi Glenys alimfuata akitabasamu huku jasho likimtiririka.

Tamsin alimvuta mama yake kando. "Mama, wataungua mle!"

"Nyamaza! Akijua, atatufungia kituo. Unajua mbwa wasio na pa kwenda hufanywaje."

Tamsin alijua. Hudungwa sindano, wakafa. Alizunguka nyuma ya ghala, akagusa mlango wa tela, akauondoa mkono haraka. Mwanzoni walikuwa wakibweka. Sasa kulikuwa kimya, na kimya hicho kilimtia hofu kuliko kelele zote. Alirudi mbio hadi mbele ya mkaguzi.

"Bwana Dinh, kuna mbwa wengine. Tumewafungia kwenye tela. Hawabweki tena."

Bi Glenys alitazama chini, kisha akautoa ufunguo na kukimbia. Walipofungua, mbwa walikuwa wamelala, ndimi nje. Wakawabeba hadi kivulini, wakawamwagia maji matumboni na miguuni. Mmoja mmoja walianza kujitikisa. Biskuti alikuwa wa mwisho kuinua kichwa. Tamsin alilia kwa sauti bila kuona haya.

"Haya, tufungie," Bi Glenys alisema, ameketi matopeni.

Bwana Dinh alivua kofia. "Nitaandika nilichokiona, na utaadhibiwa, sikufichi. Lakini dada yangu, kila mwaka nakuja hapa naona mbwa hawazidi idadi, nami narudi kusema hamhitaji msaada. Vituo vingine vina vizimba vitupu. Ungeniambia tu!"

Alipiga simu palepale. Kabla ya jua kuzama magari yalikuja kuwachukua mbwa wa ziada, Biskuti akiwa mmoja wao. Tamsin alisimama getini hata baada ya vumbi kutulia. Mama yake hakuwa amemsemesha tangu mchana, naye aliona amempoteza rafiki na mama kwa siku moja.

Jikoni alijiwekea mkate. Bi Glenys akaingia, akazima simu, akavuta kiti.

"Umenikasirikia, Mama?"

"Nilikasirika. Kisha nikamwona Biskuti anainua kichwa." Sauti ilimkatika. "Niliwaficha ili niwaokoe, na nusura niwaue. Ukificha shida yako, mwanangu, hata aliye tayari kukusaidia hawezi. Wewe leo ulisema kweli ukijua itatugharimu. Usiache tabia hiyo kwa sababu yangu."

Tamsin aligeuzageuza mkate wake.

"Mama, shuleni sina rafiki hata mmoja. Wanaziba pua nikipita. Tangu mwaka jana."

Bi Glenys hakusema angoje. Alisogeza kiti mpaka mabega yao yakagusana.

"Nieleze," alisema, "tangu mwanzo."