Mimi Bado Nimekuandika

Habari hizi alinipa mjukuu wangu Rebeka mwenyewe, mwaka huu, wiki ile tuliyokuwa tunapura uwele hapa Mwankoko. Ya upande wa Elisha aliniambia Elisha baadaye, alipokuja kunisalimia. Pale nilipokosa kuelewa nilirudia kuuliza, nao hawakuchoka kunieleza, basi na mimi nitaeleza polepole.

Siku hiyo umeme ulikatika Singida Mjini toka asubuhi. Jenereta ilikuwa inanguruma kwa Mselemu, yule mwenye duka la kuchapa karibu na soko, na watu walikuwa wamejaa humo kama kuku kwenye tenga. Huyu ana simu, yule ana mashine ya kunyolea, mama mmoja kaja na redio. Rebeka alikuwa amewahi. Alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, gauni lake la kitenge cha manjano limemkaa vizuri, nywele kasuka twende kilioni, na kompyuta iko mapajani. Akasimama mbele yake kijana mrefu mwenye shati la bluu la mistari, mikono kaikunja, suruali imejaa vumbi jekundu.

"Dada, samahani. Hiyo soketi nilikuwa nimeiweka mimi."

"Uliiweka wapi, mfukoni?"

"Nilimwambia mwenye duka anishikie. Nimetoka Nduguti alfajiri, simu imezima, na kuna watu wananisubiri niwapigie."

"Pole na safari, kaka. Ila nikichomoa sasa, kazi yangu inaanza upya, na imeshafika katikati."

Kijana akainama, akatazama maandishi yaliyokuwa yanashuka kwenye kioo, mstari baada ya mstari.

"Hiyo si Kargo?"

Rebeka akainua uso. Singida nzima hakuwahi kuulizwa swali hilo.

"Unaijua?"

"Naijua. Na Kargo haianzi upya, dada yangu. Kilichokwisha kujengwa inakiacha kimejengwa. Ukiiwasha tena inaendelea na kilichobaki."

Mselemu akapiga meza kwa kicheko. "Umepatikana leo, Beka! Mwongo mwenye kompyuta!"

Rebeka aliona aibu, lakini alicheka. Akachomoa waya, akampa. "Chaji basi, kaka wa Nduguti. Ila soda unanunua wewe."

"Naitwa Elisha. Na ya tangawizi au ya chungwa?"

Hapo lazima niseme hiyo Kargo ni nini, maana bila yeye hadithi hii haiendi. Kuna lugha ya kuiamrisha kompyuta inaitwa Rust, yaani kutu, jina ambalo mimi silipendi, lakini wenyewe wanaisifu. Anayeandika kazi kwa lugha hiyo haandiki kila kitu yeye, kama mimi nisivyofinyanga chungu kila ninapotaka kupika mlenda. Watu wengine, huko duniani, wameshaandika vipande vyao, wakavifunga kama vifurushi na kuviweka ghalani ili kila mtu achukue. Wewe unaandika karatasi fupi tu: nahitaji kifurushi hiki, na hiki, toleo la namna hii. Kargo inakwenda kuvileta. Kama kifurushi nacho kina mahitaji yake, inaleta na hayo, na mahitaji ya hayo, mpaka mwisho. Kisha inavijenga kwa utaratibu, kile kisichotegemea kingine kinatangulia. Ikimaliza, inajiandikia karatasi ya pili: nilileta hiki, toleo hili hasa. Ndiyo maana hata kesho, hata kwenye kompyuta ya mwenzako, inaletwa ileile na si nyingine. Nimekaa na wapishi wa harusi maisha yangu yote, na sijamwona mmoja wa kumfikia huyo.

Soda ikazaa simu, na simu ikazaa mapenzi.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Wewe?"

"Mimi nashiba nikisikia sauti yako."

"Acha uongo, Elisha. Nasikia unatafuna."

"Karanga tu hizi, malkia wangu. Karanga si chakula."

Elisha alikuwa anafanya kazi na chama cha wakulima wa alizeti kule Mkalama. Yeye ndiye aliyekuwa anaandika kipande cha Ujumbe: mkulima akipima mzigo wake, anapata kilo zake kwenye simu papo hapo. Akamwomba Rebeka aandike kipande cha Mizani. Kila mmoja akawa na kifurushi chake, na kila mmoja akaandika jina la mwenzake kwenye karatasi yake ya mahitaji. Ujumbe ulihitaji Mizani ili ujue kilo. Mizani ilihitaji Ujumbe, kwa sababu majina ya wakulima yalikuwa yamehifadhiwa huko. Rebeka aliitazama ile karatasi yenye jina la kazi ya Elisha, akaona raha kama mtu aliyeandikwa kwenye kadi ya harusi.

Walipoviunganisha, siku chache kabla ya kituo cha chama cha kupimia alizeti kule Nduguti kufunguliwa, Kargo ikakataa. Haikutukana wala haikuzima. Ilisema tu kwamba huyu anamngoja yule, na yule anamngoja huyu, basi haioni pa kuanzia.

Na wiki hiyohiyo Rebeka akapigiwa simu kutoka Arusha. Kampuni moja ilimtaka kazini, na ilimpa mpaka Jumatatu ajibu.

Akamwambia Elisha.

"Hongera sana, Beka."

"Hongera tu?"

"Ulitaka nisemeje?"

"Sijui. Nakuuliza wewe."

"Ni uamuzi wako, mpenzi. Ukiamua nitasikia."

Moyoni Rebeka alikuwa anasema: atamke neno moja tu, aseme ananitaka nyumbani kwake, nitajua la kufanya. Siwezi kumposa mwanaume. Na Elisha moyoni alikuwa anasema: nikitangulia kuposa, nitakuwa nimemfunga kamba mguuni na Arusha inamwita. Atangulie yeye kuamua. Basi wakakaa hivyo, kila mmoja kamwekea mwenzake sikio, na hakuna aliyefungua mdomo.

Elisha, kwa kuwa kituo kilikuwa kinangojewa, akafanya jambo. Alinakili Mizani ya Rebeka neno kwa neno, akaiweka ndani ya kazi yake mwenyewe. Kisha akafuta jina la kifurushi cha Rebeka kwenye karatasi yake ya mahitaji. Kargo ikajenga bila manung'uniko. Alijisifu hata: sasa akienda, aende huru, kusiwe na kazi ya kumvuta huku.

Rebeka alifungua kompyuta jioni, yupo uani hapa na kanga kiunoni, uji uko jikoni. Ukiiuliza Kargo kazi fulani imesimama juu ya nini, inakuchorea mti wake, shina na matawi. Akauliza juu ya kazi ya Elisha. Matawi yakaja, majina ya vifurushi vya watu asiowajua, Wazungu na Wachina. Lake halikuwepo. Akapiga simu, na uji ukaungua.

"Elisha, umeniondoa."

"Nimekuondoa wapi, mama?"

"Usiniite mama. Kwenye kazi yako. Nimetazama mti, simo."

"Beka, Kargo ilikuwa imekataa. Nimenakili tu. Mizani yako ipo yote humo."

"Vitu vyangu vipo, jina langu halipo. Umeandika kwamba hunihitaji."

"Nilitaka usisumbuke ukiwa Arusha."

"Nani kakwambia nakwenda Arusha? Ama umeshanifungia na mizigo?" Akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Mimi kwenye karatasi yangu bado nimekuandika. Wewe umenifuta."

Akakata simu. Elisha akapiga mara ngapi sijui, haikupokelewa.

Lakini Rebeka ni mtoto wa kumaliza kazi hata akiwa na machozi. Kesho yake aligundua kosa kwenye Mizani yake: ilikuwa inaondoa uzito wa gunia la katani kwa kila mzigo, wakati siku hizi watu wanaleta alizeti kwenye viroba vya salfeti, vyepesi kama kanga. Akarekebisha, akaiweka mahali ambapo wote wawili huchukulia kazi. Kama jina lake lingekuwa bado limeandikwa, Elisha angeiambia tu Kargo ilete toleo jipya, nayo ingeleta. Ile nakala haikuletewa chochote. Ilikuwa kama picha ya mtu, mwenyewe anazeeka na kunenepa, picha iko vilevile.

Ijumaa kituo cha Nduguti kikafunguliwa. Wa kwanza kupima alikuwa mama mmoja anaitwa Flora, kajifunga kitambaa chekundu, viroba vyake kavipanga kama watoto wa shule. Simu yake ikalia. Akasoma, akasoma tena, akamgeukia Elisha.

"Kijana, shikilia hapo. Hizi kilo zangu nyingine zimekwenda wapi?"

"Tumetoa uzito wa gunia, mama. Shikamoo kwanza."

"Marahaba. Gunia gani?"

"Gunia la katani."

"Gunia la katani mimi nililiona mara ya mwisho nikiwa mwali! Hiki ni kiroba. Kibebe ukione."

Watu wakacheka, kisha wakaacha kucheka, kwa sababu kila mmoja aliyepima alikuwa amepunjwa hivyohivyo. Mzee mmoja akaanza kupakia mizigo yake tena kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Mwenyekiti wa chama akamwambia Elisha kwamba mpaka kesho mizani iwe imenyooka, la sivyo watarudia kupima kwa mkono na yeye atafute kazi nyingine.

Elisha akapanda juu ya lile jiwe kubwa nyuma ya ofisi, mahali mtandao unaposhika. Akampigia Mselemu, akamwomba ampelekee simu Rebeka. Mselemu akapanda bodaboda mpaka Mwankoko, akamshikisha simu mkononi.

"Beka, usikate. Wakulima wamepunjwa, wa kwanza mama mmoja mwenye viroba, na ni kwa sababu yangu. Nakala yangu imebaki nyuma."

"Niliirekebisha. Hukuona?"

"Sikuona, kwa sababu nilikufuta. Wewe ulisema kweli. Njoo, tafadhali. Hata kama hutaki kunitazama, tazama mizani."

Rebeka akasogea pembeni na simu. Jenereta ya mtu ilikuwa inasikika mbali.

"Nitakuja kwa ajili ya huyo mama mwenye viroba," akasema.

Jumamosi alishuka Nduguti na basi la kwanza, raba nyeupe zimeshakuwa nyekundu kabla hajafika ofisini. Elisha alimpokea begi, na hawakushikana mikono. Mtandao haukuwepo. Rebeka hakushtuka, kwa sababu nyumbani alikuwa amekwisha kuiambia Kargo imkusanyie vifurushi vyote ndani ya folda moja, kama mwanamke anayejua kisima kitakauka akajaza ndoo zote mapema. Akaiambia: leo usitoke, tumia vilivyomo humu.

"Na ule mgogoro wa kungojana?" Elisha akauliza. "Nikikurudisha kwenye karatasi, itakataa tena."

"Tunangojana kwa sababu ya nini? Majina ya wakulima, basi. Hayo si ya Ujumbe wala si ya Mizani. Yatoe, yawe kifurushi chao, kisichomtegemea mtu. Mimi nitasimama juu yake, na wewe utasimama juu yake."

Wakafanya hivyo bega kwa bega. Kifurushi cha tatu wakakiita Mkulima. Elisha akaandika tena Mizani kwenye karatasi yake, kwa mkono wake, na Rebeka anatazama. Kargo ikaanza: Mkulima kwanza, ikafuata Mizani, kisha Ujumbe. Vile vya watu wa mbali ambavyo havikuguswa haikuvijenga upya hata kimoja. Mwisho likatoka neno la kijani kwamba imemaliza.

Mama Flora akapima tena. Akasoma simu, akamtazama Rebeka toka raba mpaka nywele. "Ndiyo huyu mwenye mizani? Kijana, huyu usimchezee."

Kituo kilipotulia, Elisha akamwita nje, kwenye kivuli cha lile jiwe. Alikuwa anafuta mikono kwenye suruali ingawa haikuwa na kitu.

"Rebeka, mimi na wewe tumekaa kama vile vifurushi. Mimi nangoja uamue Arusha ndipo nipose. Wewe unangoja nipose ndipo uamue Arusha."

"Kumbe ulijua?"

"Nimejua leo, Kargo ilipopita. Sasa sikia. Washenga wangu watafika Mwankoko Jumamosi ijayo. Uende Arusha, usiende, watafika. Hawakungoji uamue."

Rebeka akatazama chini, akachora mchanga kwa ncha ya raba.

"Na mimi Jumatatu nitawajibu Arusha," akasema. "Uwe umeleta washenga au hujaleta. Nitawaambia nakwenda, kwa mwaka mmoja, nijifunze, nirudi."

"Nenda. Na washenga?"

"Waje na shuka nzuri ya bibi. Ile ya mwaka jana aliyopewa na mjomba imechanika."

Hapo Elisha alicheka mpaka akakaa chini.

Washenga walifika pamoja na Elisha, wazee wawili wa Kinyiramba wenye koti na kofia, na shuka walileta. Walitaniwa sana, wakavumilia, wakakubaliwa. Rebeka alishakuwa Arusha kwa maandalizi ya kazi, kwa hiyo neno lake la kukubali alilisema kwenye simu, sauti kubwa, wote tukasikia.

Baada ya kula, Elisha alilazwa chumba cha wageni, na akampigia.

"Unafanya nini, mchumba?"

"Naijenga kazi ya huku. Ni kubwa, Kargo inashusha mistari tu."

"Na mti wa moyoni mwako? Nimo?"

"Umo. Tawi la kwanza. Elisha?"

Rebeka hakujibiwa. Alisikia pumzi tu, ndefu, ya mtu aliyetembea na wazee kutwa nzima. Hakukata simu. Akaiweka kwenye mto, akatazama mistari inashuka mpaka neno la kijani lilipotoka, akafunika kompyuta, akajifunika kanga, naye akalala.