Chumba Chenye Giza Kuliko Vyote

Mwuzaji wa sola alikuwa na mtindo wake. Hakupoteza pumzi mlangoni kwa habari za paneli na betri. Aliomba tu aonyeshwe chumba chenye giza kuliko vyote, akafunga dirisha, akasema maneno mawili matatu gizani, kisha akabonyeza taa. Wateja walicheka wenyewe wakiona kuta zao. Mtaani walimwita Mama Taa, na jina hilo lilimpendeza.

Siku moja mzee mmoja, fundi saa aliyestaafu, alimwekea mpaka.

"Onyesha hapa sebuleni. Chumba cha nyuma hatuwashi taa, mama."

"Kwa nini, baba?"

"Hatuwashi tu."

Mama Taa alishasikia visingizio vya kila rangi, na dawa yake ilikuwa kujifanya hajasikia. Mzee alipotoka uani kumwita mkewe, yeye akajipenyeza chumba cha nyuma. Kulikuwa na giza zito lililonuka utambi uliozimwa sasa hivi. Pembeni, kwenye kiti, palikuwa na mtu ameketi. Akadhani ni mama mzazi wa mzee, akaanza kumwaga maneno yake ya kila siku.

"Shikamoo, bibi. Kwangu hakuna kona yenye giza. Karibu nyumbani ujionee mwenyewe."

"Marahaba," akajibiwa. "Nitakuja."

Akabonyeza taa. Kiti kilikuwa kitupu, na vumbi lililokifunika halikuguswa.

Alijiambia ni jua la kutwa limemchosha. Jioni, katika chumba kimoja alichopanga na binti yake, taa zote zikiwaka na mtoto akichora sakafuni kwa kalamu za rangi, hodi ikapigwa.

"Karibu!" mtoto akaitika, kama alivyofundishwa.

Mlangoni hapakuwa na mtu. Ila ile harufu ya utambi iliingia, ikapita karibu na Mama Taa taratibu kama mgeni anayetafuta pa kukaa, ikazunguka kitanda, ikachungulia nyuma ya kabati na chini ya meza, na kila ilipofika taa ilikuwa inamulika, mpaka ikasimama juu ya mtoto, na mtoto akaacha kuchora.

"Mama," akauliza, "mbona umezima taa?"

Taa zote zilikuwa zinawaka. Macho yake yalikuwa wazi.

Daktari alisema macho ni mazima kabisa. Mama Taa akamwacha mtoto kwa mdogo wake, akarudi kwa mzee.

"Nilikukataza," mzee akanong'ona. "Yule ni jini. Tumeishi naye tangu nioe. Akiwa na chumba chake cha giza hamgusi mtu. Ukimwashia taa anatafuta giza jingine, na lililo karibu ni ndani ya jicho la mtoto."

"Basi mrudishe, baba. Nakupigia magoti."

"Haingii bila karibu ya mwenye nyumba. Na hapa wanalala wajukuu zangu. Nisamehe, mama, simkaribishi tena."

Mama Taa alilia njia nzima. Lakini kuuza alijua. Atatafuta nyumba yenye chumba kisichotumika, amwache humo, asiwashe chochote, aseme taa imeharibika. Hakuna atakayeumia. Alijirudia hivyo mpaka akaamini. Akapita kwa mdogo wake alikomwacha mtoto, akasimama mlangoni, akasema kwa sauti ya chini, "Twende." Harufu ikamfuata.

Mchana ule aligonga kwa mshonaji mmoja.

"Karibuni," mshonaji akasema, akitazama nyuma ya bega lake. "Mbona mwenzako mpole hivyo?"

Mlangoni palikuwa na viatu vidogo. Moyo ulimwuma Mama Taa, lakini aliingia.

"Chumba chenye giza kuliko vyote? Labda stoo."

Walipoingia, harufu ikamtoka mabegani kama mzigo uliotuliwa. Simu ikaita papo hapo. Alikuwa mdogo wake.

"Dada, anaona! Ameshika kalamu zake, anachora!"

Mama Taa akaiweka taa juu ya gunia, akafunika uso kwa mikono miwili, akalia kwa furaha.

"Ndiyo hii?" mshonaji akauliza gizani. "Ngoja nijaribu mwenyewe."

"Usiwashe, dada!"

Stoo yote ikang'aa: magunia, cherehani mbovu, kuta zilizopakwa chokaa zamani. Mshonaji akacheka mwenyewe. "Kumbe chumba kikubwa hivi!"

Mwanawe mdogo alikuwa amekuja kuchungulia. Alisimama mlangoni, jua la mchana mgongoni na taa ikimwakia usoni, akapapasa hewa kwa mkono.

"Mama," akasema, "mbona umezima taa?"