Tipa Isiyotembea Tupu

Jua lilikuwa linazama nyuma ya maghala ya mahindi pale Kitale wakati Khaemba alipewa ufunguo.

Miaka ishirini na mbili alikuwa amepakia kifusi kwa lori za watu. Mawe, matofali, vipande vya simiti na vyuma vilivyopinda. Sasa mgongo ulikuwa umekataa. Asubuhi alikuwa anatoka kitandani akishika ukuta, pole pole, kama mtu anashuka ngazi gizani. Ndiyo maana alijikaza akasomea udereva na umri huo wake wa miaka hamsini na tatu, akapata leseni. Huko Bungoma kuna maduka yalikuwa yamebomolewa kando ya barabara, na mwenye kazi alimwambia: kuja na lori yako Jumatatu, kifusi yote ni yako. Usipokuja, wengine wako.

Kwa hivyo ilikuwa tipa hii ama sepetu. Na sepetu, Khaemba alijua, ingemmaliza.

Tipa yenyewe ilikuwa imesimama nyuma ya posho mili ya mzee Wanyoike tangu mwaka jana. Rangi ya bluu ilikuwa imebambuka, na mlango wa kushoto ulikuwa umefungwa na waya. Lakini injini ilishika mara ya kwanza.

"Umeona?" Wanyoike akasema. "Haina shida."

"Kama haina shida, mzee, mbona unaiuza?"

"Nimezeeka, bana. Hata wewe umezeeka, ni vile hujaambiwa." Mzee akacheka peke yake. Halafu akaacha kucheka. Akasogea kwa dirisha, akashusha sauti.

"Ukisikia kitu huko nyuma... usijibu."

"Kitu gani?"

"Si ni barabara mbaya? Bodi hugongagonga. Wewe endesha tu."

Khaemba hakuuliza tena. Alikuwa amechoka, na mtu amechoka huwa hataki kujua mengi.

Alipofika Kiminini aliegesha kando, akampigia bibi yake simu.

"Nelima, nimeichukua."

"Umechukua lori ama umechukua chuma kuukuu?"

"Inatembea."

"Hata wewe unatembea, na si tunakuona vile uko." Nelima akacheka. "Kuja, nimekuwekea ugali na mrenda. Ukilala huko njiani, mrenda ikiganda usinilaumu."

Khaemba alikuwa bado anatabasamu akiweka simu mfukoni. Ndiyo akasikia.

Ko. Ko.

Ngumi mbili juu ya kichwa cha lori, kutoka nyuma.

Sasa, wale wa kazi ya lori wanajua. Dereva haoni nyuma, na taniboi, msaidizi wake huko kwa bodi, hawezi kupiga kelele injini ikinguruma. Kwa hivyo wanaongea na ngumi. Moja ni simama. Mbili ni twende, nimeshapanda. Tatu ni mwaga mzigo. Na dereva hujibu na honi, fupi, kusema nimekusikia. Miaka ishirini na mbili Khaemba ndiye alikuwa huko nyuma anagonga. Sikio lake lilikuwa limezoea hiyo sauti kama mtoto anavyozoea jina lake.

Mkono ulienda wenyewe.

Piip!

Akaweka gia, akatoka. Alikuwa ameenda kama mita hamsini hivi ndipo akakumbuka.

Hakukuwa na mtu nyuma.

Tipa ikaanza kuwa nzito. Si ghafla. Pole pole, kama watu wanapakia. Mlima kidogo tu, na injini ilianza kulia. Springi zikalia. Harufu ikaingia kwa dirisha... simiti mbichi, ile imetoka kumwagiwa maji. Na chini ya hiyo harufu, nyingine. Khaemba aliijua. Alishawahi kuinusa siku moja, mahali ukuta uliangukia mtu.

Akasimama. Akashuka na tochi ya simu, akapanda kwa gurudumu, akamulika ndani ya bodi.

Tupu.

Akashuka, akamulika magurudumu. Yalikuwa yamebonyea, kama ya lori imejaa mawe mpaka juu.

Alisimama hapo akisikia mgongo wake ukiuma. Angeweza kuacha hiyo kitu kando ya barabara, atafute gari la kumpeleka nyumbani. Lakini Jumatatu? Aingie Bungoma na sepetu begani tena?

Akampigia Wanyoike. Simu iliita sana.

"Umejibu," mzee akasema. Hakuuliza. Alisema.

"Nimepiga honi. Mzee, hii tipa ilibeba nini?"

Wanyoike akaanza kuongea na sauti ya mtu amelala na hayo maneno mwaka mzima.

"Kuna ghorofa ilianguka hapa. Tukaitwa tubebe kifusi. Siku mbili, usiku na mchana, wakituharakisha. Tulimwaga yote kwa shimo huko nje ya mji, trakta ikasawazisha. Baadaye ndio tukaambiwa kuna kijana hajaonekana. Wangila, mtu wa Sirisia. Tulimbeba bila kujua, kijana yangu. Tulimmwaga kama jiwe."

"Na watu wake?"

"Mama yake alikuja. Nyinyi watu wa Bungoma si mko na ile desturi, mtu akifia mbali mnaenda kumwita mahali alifia, arudi nyumbani? Mjengo ilikuwa imefungwa, na kwa shimo hakuna mtu alijua amelala upande gani. Akasema basi atamwitia kwa lori, kwa sababu ndiyo ilimbeba mwisho. Mimi nikakataa. Niliogopa watu wataongea, nikose kazi." Mzee akavuta pumzi. "Kazi nilikosa bado. Sasa sikiliza. Umemjibu, amejua amebebwa. Mahali utalala, hapo ndipo atashuka. Usiingie nayo kwako."

Khaemba akafikiria Nelima, jikoni, mrenda ikiganda.

Pale Kamukuywa hakuendelea na barabara ya nyumbani. Alikata kulia, akapita Kimilili, akapita Chwele, gia ya pili karibu njia yote. Hakuwasha redio. Mara moja alisikia mtu akikohoa huko nyuma, ile kikohozi ya vumbi.

Akakaza macho mbele.

Sirisia watu walikuwa wanafunga maduka ya mwisho. Aliuliza nyumba ya mama wa kijana aliyepotea kwa mjengo ya Kitale, na mwenye bodaboda akamwonyesha bila kusema kitu. Aliangalia tu vile lori ilikuwa imelala chini, akaangalia bodi tupu, akaondoka mbio.

Wilkista, mama ya Wangila, alikuwa mzee, mwembamba, na taa mkononi. Khaemba alianza kueleza. Mama akamnyamazisha.

"Hiyo rori naijua," akasema. "Nililia mbele yake. Wewe ndiye nani?"

"Khaemba, Mayi. Wa Mabanga. Nimeinunua leo." Alimwita mama kwa lugha ya kwao, naye akamwita baba vile vile.

"Umeninunulia mtoto wangu, papa. Rudisha nyuma mpaka hapa mlangoni."

Akarudisha. Mama akaweka taa chini. Akashika bodi na mikono mbili, akanong'ona, kama mtu anaamsha mtoto ili asimshtue.

"Wangila. Tumefika. Shuka."

Mbwa wa jirani akaacha kubweka.

Ko. Ko. Ko.

Khaemba alivuta kiinuzi cha bodi kwa kabini, akashuka. Bodi ikainuka. Hakuna kitu kilianguka. Lakini walisikia... mawe yakiteleza kwa chuma, mengi, vumbi ikipanda mpaka wakakohoa. Halafu mguu ukakanyaga chini. Mguu mwingine. Hatua zikapita kati yao, zikielekea nyumbani, na nyasi zikilala mahali zilikanyaga.

Mama alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza. Uso wake ukabadilika.

"Huyu si Wangila."

"Mayi?"

"Wangila aliburuta mguu wa kushoto tangu utoto. Huyu anatembea sawa."

Ndani ya nyumba kiti kilisogea. Mtu akakaa. Pumzi ndefu ikatoka, ile ya mtu ametua karai ya mwisho jioni.

Khaemba akamulika magurudumu. Yalikuwa yameinuka kidogo tu, kama upana wa kidole. Akachukua simu, akampigia Wanyoike.

"Mzee. Ulisema ni mmoja."

"Ilisemwa ni mmoja." Sauti ya Wanyoike ilikuwa chini kabisa. "Yule ndiye mama yake alikuja kuuliza. Hao wengine walikuwa vibarua, wanachukuliwa getini ya mjengo asubuhi, wewe, wewe na wewe. Nani alikuwa anaandika majina?"

Simu ikakatika.

Khaemba alisimama. Na yeye miaka hiyo yote alikuwa akichukuliwa getini. Wewe, wewe na wewe. Hakuna mahali jina lake liliwahi kuandikwa.

"Nitawapeleka wapi, Mayi? Siwajui kwao."

Mama mzee alikuwa anaangalia mlango wake. Alikuwa amengoja mwaka mzima na hakuwa na nguvu ya kufukuza mtu.

"Wamechoka," akasema. "Waambie washuke. Huyo wangu pengine ako chini yao, atakuja mwisho. Mimi naweka chai."

Akaingia ndani na taa, akamwacha gizani.

Khaemba akarudi kwa usukani, akainua bodi tena, mpaka mwisho. Mawe yakateleza. Hatua zikashuka. Kila moja ikishuka, tipa ilipanda kidogo, nyepesi, nyepesi zaidi, kama lori mtu anaweza kuanza nayo kazi Jumatatu. Alihesabu mpaka saba. Hakuna hata moja iliyoburuta mguu. Akaacha kuhesabu, kwa sababu zilikuwa bado zinashuka.

Kutoka ndani, sauti ya mama mzee ikamwita, tulivu kabisa.

"Papa... ulizia jirani. Vikombe haitoshi."