Ubao wa Nyuzi

Kila siku akitoka shule, Majibu alipitia kwa shangazi yake, dada wa baba yake, fundi cherehani mwenye chumba kimoja kinachotazama barabara. Alivua viatu, akafagia vipande vya vitambaa, halafu akakaa kwenye kigoda kumtungia shangazi sindano. Majibu si jina alilopewa na wazazi. Darasani, mwalimu kabla hajamaliza kuuliza, mkono wa msichana huyu ulikuwa tayari uko juu, ndiyo maana wenzake wakambatiza hivyo. Yeye mwenyewe alilipenda jina hilo kupita kiasi, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

"Nitungie na hii, mwanangu," shangazi alisema siku moja.

"Mbona siku hizi hutungi mwenyewe?"

"Na wewe ungefanya kazi gani hapa? Kunihesabia miayo?"

Majibu alicheka, lakini kichwa chake hakikutulia. Alikuwa amekwisha kuona mengi. Shangazi alipapasa mapindo kwa kidole gumba badala ya kuyatazama. Wateja hakuwataja kwa jina mpaka wasalimie. Tena kulikuwa na ule ubao ukutani, uliopigiliwa misumari, kila msumari na uzi wa rangi yake: mweupe, mweusi, wa buluu, mwekundu, wa kijani. Hakuna aliyeruhusiwa kuugusa. Siku hiyo Majibu alimwona shangazi akinyoosha mkono bila kuinua macho, kidole kikaruka msumari hadi msumari, kikasimama kwenye wa buluu. Kumbe! Shangazi hakuona rangi. Alikuwa akihesabu misumari.

Mtoto mwingine angeshtuka, angekimbia kumnong'oneza mama yake. Huyu wetu alifurahi. Alifurahi, jamani, utadhani amefumbua fumbo la gazetini! Na kwa kuwa shuleni walikuwa wamefundishwa kwamba wazo bila jaribio si kitu, akaanza kutafuta siku ya kufanya jaribio lake.

Aliipata siku kina mama wa kwaya walipokuja kujipima magauni yao ya buluu. Shangazi alikuwa ameingoja kazi hiyo muda mrefu. Kila mwanamke mtaani aliitazama kwaya, na fundi wa kwaya hakosi wateja mwaka mzima. Shangazi alipotoka nje kuwalaki, Majibu aliuhamisha uzi mwekundu akautundika kwenye msumari wa buluu, kisha akakaa kigodani, mikono mapajani, ametulia kabisa.

Gauni la kwanza lilipwaya begani. Lilikuwa la mama mmoja aliyeitwa Redio, na mtaa mzima ulijua kwa nini. Shangazi alichukua uzi, akaupachika kwenye cherehani, akabana bega kwa mishono iliyonyooka, akamrudishia.

"Fundi," Redio alisema, akilitazama bega, "huu ni mtindo gani tena?"

Wenzake wakaangua kicheko. Shangazi alitabasamu nao, asijue wanacheka nini. "Kuna nini? Nimebana sana?"

Majibu alisimama. "Haoni!" alisema kwa sauti ile ile ya darasani. "Nimebadilisha nyuzi mimi mwenyewe, nikahakikisha. Anahesabu misumari tu!"

Akangoja sifa. Shangazi aligeuka polepole, akaupapasa ubao wake.

"Ni wewe?" aliuliza. "Wewe ninayekushonea sare, umeugusa ubao wangu?"

Kina mama walikusanya vitambaa vyao, hata vile ambavyo havijakatwa. "Tutapita, fundi," walisema mlangoni, na kila fundi anajua maana ya neno hilo. Kabla ya jua kuzama Redio alikuwa amekwisha kutangaza mtaa mzima.

Nyumbani, mama alikuwa mkali kama pilipili. "Nani alikutuma?"

"Lakini mama, ni kweli."

"Ndiyo, ni kweli. Na ungekuja kuniambia mimi peke yangu, ingekuwa uongo?"

Majibu alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuwa na la kusema, akalia.

Kesho yake mama alimshika wifi yake mkono wakaenda hospitali, Majibu akiwafuata nyuma. Daktari alimulika macho yote mawili. "Ni mtoto wa jicho," alisema. "Huondolewa, na mtu akaona tena. Mbona umekaa na ugonjwa huu muda wote huu?"

"Niliogopa kuambiwa nitakuwa kipofu," shangazi alijibu.

"Ugonjwa haukuogopi wewe, mama. Ukiuficha, unajiumiza mwenyewe."

Alipasuliwa jicho moja, baadaye la pili. Siku bandeji ya mwisho ilipotolewa alimtazama Majibu kwa muda mrefu. "Kumbe umekua hivi," alisema.

Alifungua chumba chake tena. Alipanga nyuzi, akapaka cherehani mafuta, akakaa mlangoni. Kina mama wa kwaya walipita ndani ya magauni yao ya buluu, yaliyoshonwa kwa fundi wa ng'ambo ya barabara. Waliamkua kwa adabu zote, wakaendelea na safari yao.

"Shangazi, nisamehe," Majibu alisema. "Nitawaambia kwamba sasa unaona."

"Waambie. Wataitikia, watapita." Shangazi hakumkaripia, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. "Sikiliza, mwanangu. Mimi nilikosea kuficha, na macho yangu yamepona. Lakini wewe, akili zako zilikwambia kwamba sioni, na hazikukosea hata kidogo. Hekima ingekwambia ufunge mlango kwanza, ndipo useme. Akili unazo tele. Hiyo nyingine itafute, maana bila hiyo utakuwa unapatia kila kitu na kuumiza kila mtu."

Majibu aliitikia kwa kichwa. Kwa mazoea tu akakaa kigodani, akanyoosha mkono kupokea sindano.

Shangazi alikuwa ameishika juu, kwenye mwanga. Uzi ulipita tunduni mara moja.

"Acha," alisema. "Natunga mwenyewe."