Elfu Sitini za Toleo Jipya

Saa tatu na dakika kumi, Jumamosi asubuhi, fundi cherehani aligundua kuwa elfu sitini zake hazipo.

Kompyuta ilikaa kwenye meza ya kukatia vitambaa, kati ya mkasi na rundo la sare ambazo hazijatiwa vifungo. Programu ya zamani ya bajeti ya nyumbani, aliyoitumia miaka tisa, ilimwonyesha akiba ya laki moja na elfu themanini. Toleo jipya, lililowekwa Alhamisi kwa majaribio, lilimwonyesha laki moja na elfu ishirini. Majaribio yangekwisha saa sita mchana; baada ya hapo ni kulipia au kurudi kwenye la zamani. Na Jumatatu saa nne muuzaji angeleta mashine ya kudarizi aliyoiwekea akiba mwaka mzima. Bei ni laki moja na elfu themanini, taslimu, na pungufu hataki kusikia.

Akampigia simu wifi yake.

Wifi huyo alikuwa mkaguzi wa hesabu mstaafu, na ukoo mzima ulimwita Kalamu Nyekundu. Kwa miaka thelathini aliwatoa mameneja jasho, na kustaafu hakukumpunguza makali hata chembe. Alifika saa tatu na dakika arobaini. Kwenye nguzo ya geti aliona mchubuko mpya wa rangi ya njano, rangi ileile ya basi la shule lililoegeshwa uani. Dereva wa basi hilo, ambaye ni mdogo wake na mume wa fundi cherehani, alisimama hatua tano kutoka kwake akimtazama kama mgeni.

"Hunisalimii, mdogo wangu?"

"Ah, Dada! Shikamoo. Karibu ndani."

"Marahaba."

Ndani, fundi kompyuta wa jirani alikuwa ameitwa na kuketishwa kwenye kigoda kama mshtakiwa. Binti mkubwa wa nyumba alisimama mlangoni, mikono kifuani.

"Ni huyu," dereva alisema. "Tangu aweke lidude lake, pesa zinayeyuka. Nilisema tangu mwanzo, programu ya zamani ina ubaya gani? Twende polisi, yaishe."

"Polisi wapo, hawahami," Kalamu Nyekundu alijibu, akavuta kiti. "Fundi, mama akilinunua toleo hili, wewe unapata nini?"

"Asilimia kumi ya bei, mama. Sifichi. Na ni zuri! Linavuta taarifa benki lenyewe, linapanga matumizi, hata linasoma namba kwa sauti."

Binti akacheka. "Kwani humu ndani nani hajui kusoma?"

"Namba ya siri ya benki uliiona?" Kalamu Nyekundu alimuuliza fundi kompyuta.

"Aliiandika mwenyewe. Mimi niligeukia ukutani."

"Kweli aligeuka," fundi cherehani alisema.

"Basi huyu simwoni kuwa mwizi. Anataka kuuza. Nani atanunua kitu alichoona kimemla elfu sitini?" Akamgeukia binti. "Wewe, kadi ya benki uliishika lini?"

"Mwezi wa tatu, Shangazi. Nilitumwa nikalipie umeme, nikairudisha siku hiyohiyo. Usinitazame hivyo!"

"Ndivyo ninavyotazama."

Alisogea kwenye skrini, akashuka mstari kwa mstari. Malipo ya umeme yalikuwepo, na yalitoka kwenye fungu lake. Kwenye fungu la akiba hakuna hata senti iliyotolewa. Kila mwezi ziliingia elfu kumi. Upande wa programu ya zamani, kila mwezi ziliandikwa elfu kumi na tano.

"Tano mara kumi na mbili," alisema. "Sitini. Hakuna mwizi aliyezitoa benki, kwa sababu hazikufika benki. Programu haijakosea. Nani huzipeleka?"



"Mume wangu," fundi cherehani alisema polepole. "Ijumaa ya mwisho ya mwezi nampa kumi na tano, anapitia benki akishashusha watoto. Jioni yeye husoma risiti, mimi nachapa. Ndivyo tulivyofanya miaka yote."

"Na wewe karatasi huitazami?"

"Nikichapa macho yangu yapo kwenye skrini, wifi. Halafu ni mume wangu. Nimkague?"

"Nipe risiti."

Zilihifadhiwa kwenye kopo la biskuti. Kalamu Nyekundu alizipanga mezani: kumi na moja za bluu, moja ya kijani. Za bluu zote zilisema elfu kumi. Ile ya kijani aliisoma mara mbili, na kwa mara ya kwanza maishani akatamani awe amekosea.

"Mdogo wangu, nisomee hii."

Dereva aliipokea, akainyoosha, akasoma bila kusita. "Imewekwa elfu kumi na tano."

"Umeishika kichwa chini," dada yake alisema kwa upole. "Na si ya benki. Ni ya kliniki ya macho. Elfu tano, sindano ya jicho. Ulichanganya mifuko."

Dereva akaishusha karatasi mezani.

"Ni mwaka sasa. Daktari aliniambia niache kuendesha. Nikiacha basi, tutakula nini? Kila mwezi nilijiambia sindano hii ndiyo ya mwisho, nitaona, nitazirudisha."

Mkewe alisimama. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

"Pesa ningekupa! Ungeomba tu, ningekupa zote! Lakini kila asubuhi unapakia watoto wa watu thelathini na wawili, na nguzo ya geti letu huioni?"

Mumewe alipapasa ukingo wa meza kwanza, kisha akaweka funguo za basi juu yake. Halafu akageuka kuelekea kwenye kigoda.

"Nisamehe, jirani. Nilitaka uondoke na programu yako kabla hawajaiamini."

"Yamepita, mzee," fundi kompyuta alisema, ingawa sauti yake bado ilikuwa na kinyongo.

Saa tano na nusu binti aliipigia simu shule. Mama yake alimpigia muuzaji: mashine isubiri. Fundi kompyuta akaanza kufungasha nyaya zake.

"Niliondoe, mama?"

"Ile sauti ya kusoma namba. Inafanya kazi kweli?"

"Vizuri kabisa."

Alilipia saa sita kasoro dakika nane, kisha akamvutia mumewe kiti mbele ya skrini.

"Kaa. Bado nimekasirika, usidhani yamekwisha. Kuanzia leo benki naenda mwenyewe. Ikisoma, wewe utasikiliza, na utaniambia kama ni kweli."

Akabonyeza. Sauti ya kike, isiyo na haraka, ikajaza chumba: "Akiba ya mashine. Laki moja na elfu ishirini."

Dereva aliinamisha kichwa.

"Ni kweli," akasema.