Limi Mstari wa Mbele

Jumamosi hiyo soko la Kahama lilikuwa limefurika. Wakulima walikuwa wamekwishauza mpunga, wachimbaji walikuwa wametoka maduarani, kwenye mashimo yao ya dhahabu, na kila mwenye noti mfukoni alitaka watu wajue anazo. Katika duka lake la vipodozi, mkabala na stendi, Limi alihudumia wateja watatu kwa mpigo: mmoja anajaribu wanja, mwingine ananusa manukato, wa tatu anabishana na msaidizi wake, Nelly, kuhusu nywele za kusuka. Limi alivaa gauni la kitenge cha njano lililomkaa sawasawa kiunoni, na rasta zake alizifunga juu kwa kitambaa cha rangi hiyohiyo. Alikuwa na maduka mawili aliyoyaanzisha mwenyewe, na sauti ambayo haikupanda hata duka likijaa namna gani.

Akaingia mwanamume mrefu, shati jeupe lililopigwa pasi vizuri, miguuni buti za mgodini zenye vumbi jekundu. Alisalimia, akaomba rangi za kucha: dhahabu, fedha, na damu ya mzee. Kisha akaomba brashi nyembamba kuliko zote zilizomo dukani.

Limi alimpangia chupa juu ya kaunta, akamwambia mkewe ana bahati ya kupata mume anayejua rangi. Mgeni akasema hana mke. Limi akasema basi mchumba. Akasema hata mchumba hana.

"Sasa hizi kucha ni za nani, kaka?"

"Si za kucha," alijibu. "Ni za jeshi langu. Rangi za kawaida ninazo, ninachokosa ni mng'ao wa silaha."

Akatoa mfukoni leso, akaikunjua taratibu. Ndani yake mlikuwa na sanamu isiyozidi kidole gumba: shujaa mwenye kichwa cha nyati, shoka begani. Macho yake yalichorwa kwa ustadi hata ungedhani anakutazama. Mwanamke wa manukato akaacha kunusa, akasogea kuona.

Jina lake lilikuwa Mihayo. Alifanya kazi mgodini Bugarama, kwenye kitengo cha kupanga na kuchunguza miamba inayochorongwa ardhini. Siku zake za mapumziko alicheza Nchi za Ukungu, mchezo wa vita vya mezani ambamo kila mtu hujenga jeshi lake la sanamu za watu, majitu, mazimwi na wachawi, akapigana na mwenzake kwa dadu na tepu ya kupimia. Limi alimuuliza kama kweli mwanamume mwenye ndevu zake anacheza na vinyago. Mihayo akasema ndiyo, na tena ni hodari. Alisema bila kuona haya hata kidogo, na hapo ndipo Limi alipomtazama vizuri.

"Niachie namba yako," alimwambia alipokuwa akimfungia mzigo. "Nikipata brashi nyembamba zaidi ya hiyo nitakupigia."

Brashi nyembamba zaidi ya ile haikuwapo Kahama nzima, na wote wawili walilijua hilo.

Limi alipiga simu kesho yake. Walianza na brashi wakaishia kucheka mambo mengine kabisa. Wiki ile Mihayo alimpigia kila alipotoka zamu, na kila mara Limi alimuuliza majitu yake yameamkaje. Jumapili iliyofuata Mihayo alimchukua kwa gari wakaenda Shinyanga.

Mchezo ulichezwa juu ya duka la vifaa vya ujenzi la Mzee Champaklal, kwenye chumba alichokitengeneza mwanawe, Sanket. Sanket alikuwa kijana mpole mwenye miwani, na ndiye aliyekuwa na mashine ya kuchapa sanamu. Chumba kilinukia rangi na chai ya viungo. Katikati palikuwa na meza kubwa yenye vilima vya boksi, misitu ya sponji iliyopakwa kijani na mto wa kioo. Alikuwapo pia Boaz, mwenye mashine za karasha za kusagia mawe ya dhahabu kule Kharumwa, mtu wa kofia pana, mkufu mzito na vicheko. Boaz alimsalimia Limi kwa mikono miwili, na macho yake hayakubanduka haraka.

Sanket alimweleza sheria. Kila mchezaji hupewa pointi zilezile, na kwazo hununua jeshi: jitu ni ghali, mkuki ni rahisi, mchawi ni ghali zaidi ya jitu. Limi alichagua kwa macho. Alichukua zimwi lenye mabawa, majitu mawili na malkia mchawi, pointi zikaisha. Sanket alipanga safu ya ngao na mikuki, akamzunguka pande zote mbili, akammaliza chai haijapoa.

"Ulinunua jeshi la kupigwa picha," Mihayo alimwambia wakiwa njiani kurudi.

"Basi nifundishe kununua la kupigana."

Alimfundisha. Alimwonyesha kwamba jeshi zuri huanza na watu wa kawaida wanaoweza kusimama, kisha ndipo unaongeza wachache wa kuvunja. Alimwonyesha namna ya kulinda ubavu kwa wapanda farasi, na kwa nini mpiga mishale mlimani ni bora kuliko watatu bondeni. Limi alishindwa tena na tena, na kila aliposhindwa aliuliza amekosea wapi. Baada ya miezi michache mtindo wake ulijulikana. Mihayo alipenda kuingia kwa kishindo. Limi alichagua kilima, akakaa juu yake, akangoja umchokoze. Walibishana juu ya hilo mezani, garini na kwenye simu, na katikati ya mabishano hayo wakapendana, wala hawakuficha. Mihayo akikosa hoja alimwita bibie wangu wa kilimani, na Limi akajibu kwamba aliye bondeni anyamaze.

Mbinu moja tu Mihayo hakumfundisha. Alikuwa akiiandaa kwa ajili ya mashindano ya kanda yatakayofanyika Geita mjini, kwenye ukumbi wa hoteli. Alimwomba Sanket amchapie kapteni mwanamke aliyepanda chui, akampaka gauni la njano, akampa rasta zilizofungwa juu. Akamwita Limi. Alitaka mwenye jina amwone kapteni huyo siku ya mashindano, mbele za watu.

Mambo yaliharibika wiki mbili kabla. Mama yake Limi, aliyekuwa akilima na kufuga pale Tinde, alikubali hatimaye Mihayo aende kujitambulisha. Limi hakutaka kumwambia kwa simu. Alifunga duka mapema akaenda nyumbani kwa Mihayo. Mlango wa mbele ulikuwa wazi, na Mihayo alikuwa uani, mgongo umeelekea mlangoni, anaongea na simu.

"Limi ni chambo tu, kaka," alisema. "Namweka mbele, Boaz amtamani. Unamjua Boaz, hawezi kujizuia. Akishamchukua, mimi nimepata ninachokitaka."

Alikuwa akimweleza Sanket atakavyompanga yule kapteni wa chui. Lakini Limi hakujua kama kuna kapteni. Alichojua ni kwamba Boaz alikuwa akimtumia salamu ambazo hakuzijibu, na kwamba Mihayo alikuwa akizungumza na Boaz waingie ubia wa karasha, ili aache ajira. Aliyaweka hayo mawili pamoja, akageuka, akatoka bila kutoa sauti. Alipofika kwake aliandika ujumbe wa maneno mawili, Usije Tinde, kisha akaizuia namba ya Mihayo. Akalia, akanawa uso, akampigia mama yake kumwambia mgeni amepata dharura.

Mihayo aliusoma ujumbe ule hata ukapoteza maana. Alikwenda dukani, Nelly akamwambia dada hayupo, na huku harufu ya manukato ya dada ilikuwa imejaa chumba cha nyuma. Akarudi kambini kwenye zamu. Siku moja aliazima simu ya mwenzake akapiga.

"Nani mwenzangu?" Limi aliuliza.

"Ni mimi. Nimekosa nini, mpenzi wangu?"

"Muulize Boaz."

Simu ikakatwa. Mihayo alimrudishia mwenzake. Aliyakumbuka macho ya Boaz siku ya kwanza, akazikumbuka na zile salamu ambazo Limi aliwahi kumwambia, akaelewa jambo ambalo halikuwapo kabisa: kwamba Limi amempenda Boaz. Hakumuuliza Boaz kitu. Alimwandikia kwamba amejitoa kwenye ubia wa karasha, basi.

Siku ya mashindano ukumbi wa Geita ulijaa wachezaji kutoka Mwanza, Bukoba hadi Tabora. Limi alikuja. Nelly alikuwa amemshauri abaki, akamjibu kwamba jeshi lile amelijenga mwenyewe na haliachi kabatini kwa sababu ya mwanamume. Alivaa suti ya samawati na viatu virefu, akalipanga jeshi lake bila kuangalia meza ya Mihayo. Mihayo aliangalia meza ya Limi mara nyingi, akakosea hesabu mbele ya mpinzani wa kwanza, lakini akashinda. Mpinzani wake wa pili alikuwa Boaz, na Mihayo akamshinda haraka mno.

Raundi iliyofuata Boaz aliangukia meza ya Limi. Alikaa kwa kishindo, akafuta jasho chini ya kofia.

"Shemeji, leo usinionee," alisema. "Mchumba wako kanitoa roho. Kamweka Limi mbele peke yake, mimi kwa tamaa nikavunja safu kumfuata, kumbe chambo. Akanipiga ubavuni."

Limi aliiacha tepu mezani. "Kamweka nani mbele?"

"Kapteni wake. Yule wa chui, mwenye gauni la njano. Hujamwona? Anamwita Limi, tunamcheka wote." Boaz akashusha sauti, na safari hii hakuwa na utani. "Na kwenye karasha kajitoa bila kuniambia sababu. Kama ni zile salamu zangu kwako, niliacha zamani. Mwambie hivyo."

Limi alicheza mchezo ule kichwa kikiwa mbali, lakini kilima chake hakikuhama, na Boaz, ambaye hakuwahi kujifunza kungoja, akamjia huko juu mwenyewe akaisha. Jioni Sanket, aliyekuwa miongoni mwa waandaaji, alisoma majina ya watakaocheza fainali. Walikuwa Mihayo na Limi.

Walisalimiana kwa mkono kama watu wa kazini. Mihayo alipanga majitu yake pembeni, nyati katikati. Halafu, mbele ya wote, peke yake, akamweka kapteni wa chui. Limi aliinama akamtazama. Kitambaa cha rasta kilikuwa kimepakwa mpaka kwenye mkunjo.

"Nilikusikia ukiongea na simu uani," alisema kwa sauti ya chini. "Ulisema Limi ni chambo, kwamba unamwekea Boaz amchukue."

Mihayo alimtazama, akamtazama kapteni, akarudisha macho kwake. Alipoelewa hakucheka.

"Ulidhani nakuuza kwa karasha."

"Ndiyo."

"Miezi yote tuliyokuwa pamoja, ukaamini hivyo kwa maneno ya simu. Hukuniuliza hata swali moja. Hapa mezani ukishindwa huwa unaniuliza mpaka nachoka."

Maneno yalimchoma Limi kwa sababu yalikuwa kweli. Hakutafuta pa kujifichia.

"Nilikosea," alisema. "Nilipaswa kuingia uani nikuulize usoni. Nilikuumiza, nisamehe. Na wewe, niliposema umuulize Boaz, mbona hukumuuliza?"

Mihayo alishusha pumzi. "Niliogopa jibu."

"Basi sote tulikimbia vita."

"Sote," alikubali. Kisha akaongeza kwamba samahani yake ameipokea, na kwamba naye anaomba yake, kwa kumwita chambo hata kwenye mchezo. Sanket alisogea akauliza kama wanataka kuahirisha. Limi akasema hapana.

"Cheza, Mihayo. Na usinionee huruma."

Hakumwonea. Alituma majitu yake kulia kwa nguvu, akavunja wapiga mishale wote, na kwa kitambo watu waliozunguka walidhani imekwisha. Limi hakumgusa kapteni wa chui. Alimpita kama hayupo, akateremsha wapanda farasi wake kutoka kilimani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya Mihayo hata siku moja, akampata ubavuni jeshi lake likiwa limegeukia upande mwingine. Dadu zilipoacha kuviringika, nyati walikuwa wamekimbia meza. Ukumbi ukapiga makofi. Mihayo alicheka kwa mara ya kwanza tangu wiki zile, kicheko kirefu cha mtu aliyeshindwa vizuri.

"Umeshuka kilimani," alisema.

"Nimeshuka." Limi alizunguka meza akasimama mbele yake. Sauti yake haikupanda. "Nataka unioe. Kama hutaki, sema hapahapa niende zangu nikiwa nimejua."

Mihayo alisogea karibu. Alimshika mikono yote miwili, buti zake za mgodini zikigusana na viatu virefu vya Limi.

"Nataka," alisema. "Nilitaka hata nilipodhani umekwenda kwa mwingine."

Limi alitoa simu palepale akampigia mama yake. Alimwambia ile dharura ya mgeni imekwisha, na kwamba kesho wanakuja. Mama akasema apewe huyo mgeni mwenyewe amsikie.

"Mwadila, mayu. Shikamoo," Mihayo alimsalimia, akianza kwa Kisukuma, amesimama wima kama yuko mbele yake.

"Marahaba, baba. Binti yangu alilia wiki nzima akidhani sijui. Ni wewe uliyemliza?"

"Ni sisi wawili, mama. Tumekwishamaliza."

"Basi njooni mchana, baada ya ibada," mama alisema. "Na mje pamoja, kwenye gari moja. Sitaki kuletewa mmoja na maelezo ya mwingine."