Mninga wa Osward

Jamani, yapo mapenzi yanayoanzia kwenye vumbi la mkaa! Pale sokoni Mpanda, Leodgar, kijana wa mradi wa hewa ukaa, alijikwaa kwenye gunia la Restituta, muuza mkaa. Shati lake jeupe likaisha palepale.

"Pole kaka. Sasa na wewe mwenzetu," Restituta akacheka. Na kitenge kile cha kijani kilivyomkaa, we acha tu.

Leodgar akanunua gunia. Kesho yake akarudi bila shida ya mkaa. Zikaanza simu za kila jioni.

"Mpenzi, kazi yako hasa nini?"

"Napima miti. Hewa tunayotoa puani, majani yanaivuta, inakuwa mbao. Ukichoma mti, inarudi hewani. Kinachooza ardhini nacho hufuata njia hiyohiyo."

Restituta akakumbuka kaburi. Marehemu mumewe, Osward, mrina asali, alizikwa msituni Ugalla chini ya mti wa mninga, mwaka wa sita huu.

"Kwa hiyo Osward yumo kwenye ule mninga?"

"Kidogo, huenda yumo."

"Ukienda huko nisalimie."

Wiki iliyofuata Leodgar akaenda Ugalla kupima miti, akakuta msalaba na kisiki. Doto, mchoma mkaa mgeni, akamwambia mkaa wote wa mti ule alichukua Restituta, mwezi uliopita. Leodgar akapiga simu.

"Resti, mninga umekatwa. Ndio mkaa ulioniuzia."

"Leodgar! Ile chai uliyonipikia Jumapili..."

"Ndiyo, mama."

"Umenichemshia chai kwa mume wangu!" Akakata simu.

Wiki tatu Restituta hakupokea simu yake, wala hakujibu ombi la ndoa alilompa Jumapili ile ya chai. Kule mtaa wa Makanyagio, nusu gunia lilibaki kwenye kona ya chumba cha Leodgar. Mchana kweupe alilisikia likitoa sauti ndogo, kama mtu anayejigeuza kitandani. Kulitupa hakuweza, kuliwasha akaogopa.

Jumamosi asubuhi Restituta akabisha hodi, gauni jeusi, macho mekundu. Hakusalimia. Akatia mkaa jikoni, akauwasha mwenyewe, wakakaa kuutazama na kuuongezea mpaka wote ukawa majivu.

"Sasa ameenda wapi?"

"Hewani. Majani yatampokea. Mahindi pia."

"Na mimi nitamvuta?"

"Unamvuta sasa hivi, Resti. Hata mimi."

Restituta akajishika kifua.

"Nakupenda, Leo. Ila nikikubali unioe, nitakuwa nimemfukuza."

"Sijakuomba umfukuze. Nimekuomba uishi na mimi."

Restituta akavuta pumzi, akaizuia. Akaishikilia mpaka machozi yakamtoka. Mwisho ikamshinda, akaiachia.

"Haya," akasema. "Njoo kwetu ujitambulishe."